Nimemwita Mama Mkwe "Kaka" Msimu Mzima

Mshauri wetu, shikamoo, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana ni jambo ambalo nikimwambia fundi mwenzangu atacheka mpaka aangushe koleo, na nikimwambia mke wangu sijui kama atacheka hata kidogo, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wako.

Mimi ni fundi umeme, nimeoa, na nina starehe moja tu, gemu la mtandaoni ambalo watu huingia kutoka kila mahali, kila mmoja akachagua aina ya mpiganaji atakayekuwa, halafu mnakutana uwanjani mtu kwa mtu mnapigana. Kuna Mpiga Mishale, kuna Mrusha Moto, kuna Mnyemeleaji anayejificha akakuchoma mgongoni, kuna Mganga anayejitibu huku unampiga, na kuna Mlinzi, mwenye ngao kubwa na mwendo wa mtu aliyeshiba. Mimi ni Mlinzi, na humo ndani naitwa Gogo. Kila msimu wenye gemu wakibadilisha nguvu za wapiganaji, wachezaji wote humngojea mtu mmoja anayejiita Radi Kavu apange madaraja, nani wa kwanza, nani wa mwisho, na akishapanga hakuna anayebisha sana, kwa sababu hapangi kwa mapenzi, anapigana kwanza na kila aina kwa mikono yake ndipo anasema.

Mwanzoni mwa msimu huu alimweka Mlinzi daraja la mwisho kabisa, akaandika kwamba Mlinzi ni mlango, na mlango unaweza kumzuia mwizi lakini hakuna aliyewahi kuuona ukimkimbiza. Watu walicheka, mimi nikaumia, nikamjibu pale pale jukwaani kwamba amepima mapambano mafupi tu, aache pambano lirefuke aone, Mrusha Moto ataishiwa nguvu, Mnyemeleaji atakosa pa kujificha, na atakayebaki amesimama ni yule mlango. Nilitegemea matusi. Jibu lilikuwa maneno mawili: "Njoo unionyeshe."

Basi tukaanza kupigana, jioni baada ya jioni, yeye akibadilisha aina mimi nikibaki na ngao yangu, nikishindwa ananieleza nilipokosea, nikishinda ananiuliza nimefanyaje, mpaka mwisho akampandisha Mlinzi daraja la pili na akaandika mbele ya watu wote kwamba mara ya kwanza alikosea. Mshauri, mtu kukiri hadharani kwamba amekosea, tena kwenye gemu ambako watu wanaona bora wafe kuliko kushindwa hoja, mimi nilimpenda yule mtu papo hapo. Nikaanza kumwita kaka. Humo hatusikilizani sauti, tunaandikiana tu, na unajua Kiswahili chetu, "yeye" ni yeye, hakikuambii kama ni mume au mke, na mimi kichwani mwangu nilishamchora kijana mmoja mrefu mwenye miwani. Nilipomwita kaka hakukataa, akaitika.

Sasa mtu ukimpata wa kukusikiliza, ulimi unalegea. Nilikuwa nimepata kazi katika mji mwingine, kusimamia mafundi kwenye jengo jipya la hospitali, kazi ambayo nimeiota tangu nikiwa nabeba ngazi za watu, na sikuwa nimemwambia mke wangu. Yeye ni mtoto pekee, mama yake anaishi peke yake na goti lake lilifanyiwa upasuaji miaka kadhaa iliyopita, mpaka leo anatembelea mkongojo, na mimi na huyo mama mkwe hatujawahi kuzoeana, nikimpa shikamoo anaitikia marahaba na maneno yameishia hapo, nikimaliza kumtengenezea kitu naondoka. Niliamini nikitamka habari ya kuhama ataona nimekuja kumnyang'anya mwanawe. Yote haya nilimwandikia Radi Kavu, bila kutaja majina, ufundi wangu wala habari ya goti, tena nikaongeza sentensi ambayo leo ingekuwa msumari ningeing'oa kwa meno, nikasema mke wangu akiwa mbele ya mama yake hana uamuzi, anageuka mtoto wa shule.

Radi Kavu akanijibu: "Mwambie mkeo leo, jua likiwa bado lipo. Na huyo mama mkwe muulize, usimkadirie." Nikafanya hivyo. Mke wangu alifurahi kuliko nilivyodhani, akasema twende, ila tutafute namna ya kumwambia mama. Nikamwandikia kaka yangu kumshukuru, nikapumua.

Jumamosi mama mkwe akampigia mke wangu simu kwamba soketi ya chumbani kwake inatoa cheche. Nikaenda na begi langu, nikazima umeme, nikasogeza meza ili niufikie ukuta, na kompyuta ndogo iliyokuwa juu ya meza ikatikisika, kioo kikawaka. Mshauri, niliiona kofia ya kijivu ambayo Radi Kavu huvaa kwenye gemu, na chini yake yameandikwa maneno yangu mwenyewe, "Asante kaka, nimemwambia mke wangu, ameelewa." Nilichuchumaa pale na bisibisi mkononi nikajaribu kutafuta maelezo mengine. Labda mama amepangisha chumba. Labda ana mgeni. Huyu ni mama aliyestaafu ukaguzi wa mizani sokoni, mwanamke ambaye wauza nyama walikuwa wakimwona wanajinyoosha kama askari.

Akaingia na mkongojo wake, akaniona ninavyotazama. Akasema nisiguse ile mashine, kuna mtu humo anamsubiri jibu.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia, "Mama, huyo mtu ni mimi. Mimi ndiye Gogo."

Akakaa kitandani. Akafikiri, nikamwona kabisa anarudi nyuma kwenye maneno yote, moja baada ya jingine. "Gogo mwenye mama mkwe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mama mkwe ni mimi."

Nikainamisha kichwa. Nilingoja anifukuze, na badala yake nikasikia kitanda kinatikisika, nikainua macho, mama anacheka, anacheka mpaka mkongojo ukaanguka, anajifuta machozi kwa kiganja, na mimi nikajikuta nimekaa sakafuni nacheka pia, begi wazi, waya nje, umeme umezimwa nyumba nzima. Aliniambia alianza gemu alipokuwa kitandani baada ya upasuaji, hana la kufanya, na jina la kaka alilipokea kwa sababu lilimfurahisha, maisha yake yote watu wamemwita mama na bibi mkaguzi, hakuna aliyewahi kumwita kaka. Alisema pia kwamba yeye alidhani mimi ndiye nisiyemtaka, kwa jinsi ninavyokimbia kila nikimaliza kazi.

Halafu akatulia, akasema neno ambalo nimekuwa nalo tangu siku hiyo. "Nilikujibu haki kwa sababu sikujua ni mwanangu anayechukuliwa. Ningejua, ningekujibu vingine, na ningekuwa nimekudhulumu. Nendeni."

Basi mshauri, mzigo umenitoka, nalala usingizi, kuhama kumepata baraka, na mama mkwe nimempata ambaye sikuwahi kuwa naye. Limebaki moja. Mama anasema mke wangu asijue lolote kuhusu gemu, kwa sababu akijua nilimweleza mtu mwingine mambo ya nyumba yetu kabla yake, na mtu huyo ni mama yake mzazi, na ile sentensi ya mtoto wa shule ipo pale imeandikwa, ataona amevuliwa nguo. Tumwambie tu kwamba nilimwambia mama na mama amekubali. Mimi nimetii, lakini mke wangu si mjinga, tangu Jumamosi ananitazama, juzi ameniuliza tangu lini mimi na mama yake tunatabasamiana. Ninyamaze kwa heshima ya mkwe, au niseme nivunje kilichokwishapona? Na jukwaani pia, wakijua Radi Kavu na Gogo ni wakwe, si watasema Mlinzi alipandishwa daraja kwa undugu?

Ni mimi, mkwe mwenye haya.

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe mwenye haya, marahaba. Barua yako imesomwa kwa sauti hapa ofisini na kazi ikasimama, na yule anayepanga kurasa zetu, ambaye kumbe naye hucheza gemu lako, ameniomba nikuambie kwamba hata daraja la pili kwa Mlinzi ni huruma. Hayo mtamalizana wenyewe. Mimi nina mambo ya nyumbani kwako.

Kwanza nikupe pole, kisha nikupongeze. Wanaume wengi wangerudisha meza mahali pake, wakafunga soketi, wakaondoka, na mpaka leo wangekuwa wanamwandikia mama mkwe "kaka" huku wakijua. Wewe ulisema palepale, mtu mzima akiwa mbele yako na bisibisi ikiwa mkononi. Basi ujasiri unao, usije ukaniambia umeisha.

Sasa nikukaripie. Bwana, mkeo amekuwa wa mwisho kujua habari za nyumba yake mara moja, ulipopata kazi. Sasa unataka awe wa mwisho mara ya pili, tena safari hii wanaomficha ni wawili, na ni watu wawili anaowapenda kuliko wote. Mnasema mnamhurumia. Hamumhurumii, mnaogopa uso wake. Ulisema mbele ya mama yake anageuka mtoto wa shule. Na ninyi sasa mnamfanya nini, kama si kumtoa nje ya darasa mkubaliane wenyewe?

Heshima ya mkwe naijua na naitetea kila wiki hapa. Lakini heshima haijawahi kumwamuru mume amdanganye mke. Mama mkwe wako ni mama mwenye akili, amekupa ushauri mzuri mara moja pale alipokuwa hakujui. Safari hii anakujua na anamjua mwanawe, na hofu imemshika mkono. Alikuambia mwenyewe kwamba akijua ni nani angejibu vingine. Mwamini kwa hilo, na usimtii.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie mkeo leo, peke yenu, usimtangulize mama. Anza na ile sentensi mbaya, mwonyeshe ilivyoandikwa, usiipambe, kisha mwombe msamaha kwa hiyo tu, kwa sababu mengine yote ni bahati na kicheko, hayaombewi msamaha. Akinuna, mwache anune, ana haki yake, usimfuate chumba hadi chumba ukimuuliza kama ameshasamehe. Akitaka kwenda kwa mama yake, mpeleke. Na kabla hamjaenda, mpigie mama simu umwambie kwamba umesema, asije akakutwa anaigiza.

Kuhusu jukwaa, jambo dogo. Andikeni wazi kwamba mmegundua ninyi ni wakwe, na daraja la Mlinzi lipimwe upya na mtu mwingine asiye ndugu yenu. Mama mkaguzi atakubali haraka kuliko wewe, maana anajua hata mizani ya mkaguzi hukaguliwa.

Funga gemu. Mkeo yuko chumba cha pili.

KABLA YA GAZETI KWENDA MTAMBONI

Nilimtumia fundi huyu jibu langu mapema, na ukurasa ukiwa bado haujafungwa, ameniandikia tena. Nayaweka maneno yake kama yalivyo.

Mshauri, nimesema. Alikuwa anakunja nguo nilizoanua, nikamwonyesha ile sentensi kwanza, kama ulivyoniagiza. Aliisoma, akaendelea kukunja, akamaliza nguo zote pamoja na soksi zangu. Halafu akavaa viatu akasema twende kwa mama. Nikapiga simu njiani, mama akaniambia tu, "Haya."

Tulimkuta amesimama mlangoni na mkongojo wake, uso wa mtu anayesubiri hukumu, na nilikuwa na uso huo huo. Mke wangu akatukalisha kwenye kochi moja, yeye akabaki wima. Nilijua tunapigwa bakora ya maneno. Akatutazama muda mrefu, na nikaona kwamba midomo inamcheza, anazuia kicheko na machozi kwa pamoja.

Akasema, "Miaka yote tangu niolewe, mama akitaka kitu anakwambia kupitia kwangu. Wewe ukitaka kumjibu unamjibu kupitia kwangu. Mama akitaka taa ya nje, ni 'mwambie mumeo'. Wewe nawe, 'mwambie mama nitakuja kesho'. Mmenifanya tarishi. Kumbe huko mnaandikiana kurasa."

Mama akaegemeza mkongojo kwenye kochi.

"Basi leo nimestaafu," mke wangu akasema. "Mkiwa na neno, semezaneni." Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akavua viatu, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka kazini.

Kisha mama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, akanigeukia mimi mwenyewe akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia bado.