Kongobololo chini ya boti ya Tonton

Jumapili, 8 Juni 2025

Tonton Hemedi amekuja kula. Pondu ya majani ya muhogo, samaki makayabo, na kelele zake. Ni ndugu mdogo wa papa yangu, ana boti ya chuma inayobeba watu na mizigo mpaka Barumbu. Tangu nipate kazi ya labo, maabara ya kemia, haniiti tena Aïcha. Docteur wangu! Hata mbele ya wauza makaa.

Aliuliza ninafanya nini mchana kutwa mbele ya mashini. Bon, nikamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta: tabaka la chuma, na juu yake molekuli moja ya kongobololo, lile jani chungu tunalokunywa tukishikwa na malaria. Nikaeleza: sitwangi kitu, sichemshi kitu, ninahesabu tu kama hii molekuli inaweza kukaa juu ya chuma na kukizuia kushika kutu.

"Na inakaa kweli kweli?"

Inakaa, Tonton. Ona vile imelala, kama mtoto mgongoni. Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilijisikia mkubwa, sitaficha.

Jumatano, 11 Juni

Courant imekatika tena, umeme hakuna. Ile mashini kubwa ya Kinshasa tunayoazima, foleni yake ndefu. Mumbere, mwenzangu wa labo, amelala juu ya meza. Anasema kwao Butembo watu wote wanauza bidhaa, yeye peke yake alipotea njia akaangukia kemia.

Nimetuma hesabu mpya. Molekuli ileile, chuma kilekile, ila safari hii nimeongeza maji. Ile ya kwanza ilikuwa kavu, katika utupu, bila hewa wala tone. Ndivyo tunavyoanza siku zote, ni rahisi zaidi. Mvua tangu asubuhi. Sina haraka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepita beach, pale boti zinapofunga, kumsalimia Tonton. Eh! Boti imevutwa kwenye mchanga, tumbo lote limekwanguliwa, linanuka kongobololo. Wamama wanatwanga majani, yeye anachanganya maji yake na rangi, anapaka mwenyewe, anaimba. Soudeur, mchomelea vyuma, alitaka kubadilisha mabati mawili ya chini yaliyoliwa na kutu. Tonton amemwambia arudi mwezi wa tisa. Dawa ya docteur wangu itaisimamisha hiyo kutu!

Nikasema, Tonton, ngoja kidogo, kuna hesabu nyingine haijaisha.

"Lakini ulisema inakaa."

Ndiyo, nilisema.

"Alors?"

Watu walikuwa wanatuangalia, na yeye alikuwa na furaha sana. Nikasema tutaona. Tutaona! Ni maneno gani hayo? Nimerudi nyumbani bila kununua hata ndizi.

Jumatatu, 16 Juni

Hesabu imeisha. Maji yameingia katikati. Molekuli imenyanyuka, imeachia chuma, imeenda zake, na maji yamekaa mahali pake. Nimerudia kuiangalia mpaka macho yanauma. Hakuna kosa. Iko vile.

Mumbere anasema si msiba, kazi yetu ndiyo hiyo, tutajaribu jani lingine. Nikamweleza habari ya boti. Akafunga daftari lake. Kisha: donc ulimhesabia Tonton boti ya nchi kavu? Hakuna aliyecheka.

Mimi, niliyekulia karibu na mto huu, nimesahau maji! Hapana, niandike vizuri. Sikusahau. Nilijua ile ni hatua ya kwanza tu. Sikumwambia, kwa sababu picha ilikuwa inapendeza na yeye alikuwa anacheka.

Simu yake haipatikani. Naambiwa boti imerudi majini, wanapakia, wanaondoka kesho. Naogopa.

Jumanne, 17 Juni

Beach, asubuhi. Boti imejaa. Magunia ya chumvi, magodoro, mbuzi, wamama na watoto wao. Nimepanda ubao, nimemvuta Tonton pembeni, nimesema yote haraka haraka. Maji yanaitoa, Tonton. Haiko dawa. Yale mabati mawili yanaendelea kuliwa, na umekwangua hata rangi ya zamani.

"Mashini iko na hakika?"

Mashini haijaona boti yako, nikasema. Sijui kama yatatoboka leo ao mwaka kesho. Ninachojua, kile nilichokuambia siku ile hakiwezi kubeba watu.

Akaangalia mto. Nilifikiri atanifukuza.

"Na weye? Unaweza panda?"

Hapana, Tonton.

Akageuka, akapaza sauti: mushuke wote, na mizigo yenu! Ghasia gani! Mwenye chumvi akafoka, nani amesema boti ni mbaya, si jana tu amesikia imepakwa dawa ya kizungu? Nilitaka kujificha nyuma ya mbuzi. Tonton akanionyesha kwa mkono mbele ya watu wote, bila hasira:

"Ni docteur wangu njo amesema."

Afadhali angenitukana. Machozi yametoka, nikajifanya ni moshi wa wauza samaki.

Sasa nimekaa kwenye ngazi ya kushuka tumboni mwa boti, naandika huku wanatoa magunia ya mwisho. Mabati yenyewe yako chini ya magunia hayo. Wamama wamekaa mchangani, wananiangalia. Tonton ameshuka, amenipa taa nimmulikie. Chini kuna maji, yanafika kwenye kifundo cha mguu wake. Nimemuuliza kama yalikuwa pale jana. Ameinama, anapapasa chini ya maji kwa kiganja, polepole, na sasa mkono umesimama, kidole kimoja kimezama katika bati —