Zimwi Lenye Sauti Yangu

Wawi, Pemba

Kwako mjukuu wangu Nassor,

Assalaamu alaykum. Huku sisi wazima, karafuu tumeanika, na kuku mwaka huu hawana haya.

Na weye huna haya. Ulipokuja ukanirekodi nawafukuza kuku kwenye majamvi, nilidhani wataka ukumbusho. Jana Asya wa jirani kanionesha gemu lako kwenye simu: zimwi latoka kisimani linapiga kelele, na kelele ni zangu! Sasa watoto wakiniona wanakimbia, "Zimwi hilo!" Miye, niliyekulea?

Asya anasema sauti unaipitisha kwenye kompyuta, unaikoroga, kisha unarekodi kinachotoka na kukiweka kwenye faili. Nikamwambia airudie, tena na tena. Siku ile babu yako alikuwa barazani ananicheka. Kwenye zimwi lako kicheko chake hakimo. Umekifuta?

Zimwi baki nalo. Miye niletee faili la mwanzo, kabla hujalikoroga. Tangu tumzike mzee wa watu, kicheko kile sina pengine pa kukisikia.

Zimwi lako,
Bibi Mwatima