Chumvi ya Turku

Mama Zai,

Mimi sijui kuandika barua. Unajua. Hata ile ya kwanza niliyokuletea Nakaloke, kabla hatujaoana, aliandika rafiki yangu. Ulisoma mistari miwili ukacheka. Ukasema, "Mwandiko huu ni wa mtu amesoma. Wewe uko wapi hapa?" Basi hii naandika mwenyewe. Daftari ni la Zai la zamani, kurasa za nyuma zilibaki. Kalamu nimeishika kama koleo. Vumilia.

Nakuandikia kwa sababu Zai anaondoka, na mimi nimemharibia safari.

Chuo chake hapo Mbale kimemchagua aende kusoma nje miezi mitano, halafu arudi. Gharama ni zao. Walimpa karatasi yenye miji mitatu. Wakamwambia achague mmoja, mwisho Ijumaa hii. Akaja Jinja Jumapili iliyopita na karatasi yake. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni najipaka mafuta ya mgongo. Akakaa chini karibu na miguu yangu, kama zamani, akasema, "Baba, tuchague."

Mimi nichague mji! Mimi najua Jinja, najua Mbale, na Busia niliona siku moja nikiwa juu ya lori la mahindi. Wa kuchagua ulikuwa wewe.

Unakumbuka tulivyotafuta nyumba? Mimi nilipata ile ya Kimaka. Bati jipya, ukuta mzuri, askari wako karibu, mwizi haji. Nikasema kesho tunahamia. Wewe ukasema ngoja. Ukampa Zai kikombe, alikuwa na miaka sita, ukamwambia, "Gonga kwa jirani. Omba chumvi." Na chumvi ulikuwa nayo. Niliiona ndani ya mkoba wako, pakiti nzima, haijafunguliwa.

Yule jirani alitusalimia vizuri sana. Akauliza habari za nyumbani, akauliza kabila, akauliza mimi nafanya kazi gani, akauliza mbona mtoto ni mmoja tu. Nilichoka kusimama. Mwisho akasema, "Chumvi, kumbe imeisha leo." Ukamshukuru. Njiani ukasema, "Hapa hatukai."

Nikakuuliza, kwa sababu ya chumvi tu?

Ukasema, "Siku nikiumwa, huyu atakuja kusalimia tu."

Halafu tukaenda kuona hii ya Mafubira. Mlango haufungi, choo kiko mbali, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Jirani alikuwa anafua, povu mpaka kwa kiwiko. Zai akanyoosha kikombe. Yule mama hakusalimia. Hakuuliza kitu. Akaingia ndani na mikono yake ya povu, akatoka, akajaza kikombe mpaka chumvi ikamwagika kwa miguu ya mtoto. Akasema, "Shika." Akarudi kwa nguo zake.

Ukaniangalia. "Baba Zai, leta vitu."

Mimi niliona umerogwa. Lakini huyo ndiye Mama Safina. Siku ulipokata roho nilisimama uani kama nguzo ya stima, sijui niite nani, sijui nianze na nini. Yeye alipita mbele yangu, akafunga kanga kiunoni, akaingia kukukosha. Na mikono ileile. Siku hiyo pia hakusema kitu.

Basi nirudi kwa Jumapili. Zai akasoma miji. Wa kwanza Porto. Nikauliza huko iko nini, akasema iko bahari na jua, na Nambozo, rafiki yake wanasoma darasa moja, ameshachagua huko. Wa pili jina lake lilinishinda kushika. Wa tatu akasema, "Turku."

Mama Zai, niliruka. Mgongo nikausahau. Unajua babu yangu alivyokuwa. Alikuwa hawezi kunywa chai bila kusema Turuk, ndio Waturuki. Sisi Wanubi tulikuja na Turuk, bunduki ilikuwa ya Turuk, kofia ilikuwa ya Turuk. Wewe ulikuwa unamcheka, unasema huyo Turuk angekuwa mzuri angewaacha kwenu Sudani. Sasa mtoto wangu anasoma jina hilo kwa karatasi ya chuo! Nikamwambia, "Huko! Huko kabisa! Hao ni Waislamu wenzetu. Msikiti kila kona. Nyama utakula bila kuuliza. Babu angekuwa hai angecheza ngoma."

Zai aliniangalia. Akaangalia karatasi. Akaniangalia tena. Akasema, "Sawa, baba." Akaandika.

Mimi Jumatatu nikatangaza. Kwa stoo niliwaambia wapakiaji wote. Kwa msikiti nikamwambia imamu, akamwombea dua, watu wakasema amina. Nilitembea nimenyoosha shingo, mimi mbeba gunia.

Jumanne nikamwambia Afande Swale, yule mstaafu anayelinda geti la stoo. Yeye ana simu kubwa.

"Afande, Zai anaenda Turku."

"Turku ya wapi?"

"Ya Waturuki. Kwani kuna nyingine?"

Akavaa miwani. Akaandika kwa simu, polepole, kidole kimoja. Halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"We Mnubi! Umepeleka mtoto kwa friji!"

"Friji gani?"

"Hii Turku yako iko Finlandi. Juu kabisa, dunia inakaribia kuisha. Angalia. Hii nyeupe yote, unaona? Si pamba. Ni barafu."

"Na Waturuki?"

"Waturuki wako kwao, bwana, wanakunywa chai. Hawakujui."

Nikaangalia picha. Mto umeganda, watu wanatembea juu yake. Nikafikiria Nile hapa kwetu, nikafikiria Zai anatembea juu yake. Nilikaa kwa gunia la mtu.

Toka siku hiyo kwa stoo jina langu ni Sultani. "Sultani, pokea gunia hili, usiteleze kwa barafu." Wanacheka, nabeba. Ingekuwa mimi ningecheka pia.

Nilimpigia Zai. Nikauliza, "Hii Turku, ulijua si ya Waturuki?"

"Nilijua, baba."

"Na ukaandika?"

"Niliandika."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ulikuwa unacheka, baba. Tangu mama afe sijakuona unacheka. Nikashindwa kukukatiza."

Ningekuwa mkali ningemfokea. Sikuwa mkali. Nilishika simu tu, jasho linaingia machoni.

Nikamwambia badilisha, nenda Porto, kwa Nambozo, kwa jua. Akasema, "Mpaka Ijumaa naweza kubadilisha. Ukisema Porto, ni Porto. Ukisema Turku, naenda. Neno ni lako, baba." Hapo nikakwama. Mara ya kwanza nilisema nikidhani najua. Sasa niseme nikijua sijui? Nikamwambia nitakupigia. Sikupiga.

Nilienda kwa imamu, yule aliyeomba dua. Nikamweleza. Hakucheka, namshukuru. Nikamuuliza huko mtoto ataswali vipi. Afande ameniambia wakati wa baridi jua linatoka saa tatu na nusu, saa tisa na nusu limeingia. Adhuhuri, Alasiri, Magharibi zinagongana kama watu mlangoni. Imamu akasema, "Ataangalia saa. Mungu hashindwi na Finlandi." Nikasema sawa. Lakini mimi sikuwa nauliza jua. Nilitaka aniambie mtoto aende wapi. Aliona. Akanishika bega akasema, "Ungekuwa na mama yake." Nikasema ndiyo.

Jumatano nilibeba gunia siku nzima na wewe kichwani. Nilisema, angekuwepo angefanya ile ya kikombe. Nikaona ujinga wangu. Kikombe kitafika vipi? Wewe uligonga mlango kwa mkono. Finlandi nitagonga na nini? Porto nitagonga na nini? Na Afande anasema huko mtu hagongi kwa jirani. Jirani anaweza kukaa miaka kumi hajui jina lako. Nikasema basi, imekwisha. Njia moja tuliyokuwa nayo ya kujua mahali, huko haifanyi kazi.

Alhamisi mchana, tumepumzika, simu ikalia. Zai.

"Baba, nimeomba chumvi."

Nikasema, "Nini?"

"Ile ya mama. Si mimi nilishika kikombe? Nimeandikia wanafunzi wa Porto, kwa ukurasa wao. Nimeandikia wa Turku pia. Nimesema ninakuja kutoka Uganda, sina viatu vya baridi, kuna mtu anaweza kuniazima?"

"Porto hakuna baridi."

"Najua. Na mama alikuwa na chumvi."

Mama Zai, nilicheka. Tena. Mwenyewe nikashtuka.

Akasema Porto walijibu wengi. Karibu sana dada, karibu, tunakupenda, Uganda iko wapi, unacheza dansi, Nambozo ametuambia habari zako. Viatu hakuna aliyesema. Turku alijibu mmoja. Msichana. Maneno yake ni haya, nilimwambia Zai ayarudie mara mbili: "Ndiyo. Namba gani?"

"Basi?"

"Basi."

"Hakusalimia?"

"Hakusalimia."

"Hata hujambo?"

"Hata hujambo, baba. Kama wewe ukipiga simu."

Nilikuwa nasikia watu wa Mbale nyuma yake, mtu anauza kitu, anapiga kelele. Halafu akasema, "Nimempa namba ya mguu. Karatasi sibadilishi. Lakini nataka nikusikie ukisema."

Nilitaka kusema maneno makubwa. Baba wa watu wanasema. Nikafungua mdomo, likatoka lako: "Umekura?"

Unakumbuka? Nyinyi wa huko mnachanganya ra na la. Ulikuwa unasimama mlangoni unaita, "Njooni kura!" na mimi najibu, kura ya nani, uchaguzi bado. Unanitupia kijiko. Sijawahi kusema hivyo mimi. Sijui limetoka wapi.

Zai akacheka, halafu cheko likageuka. Akasema, "Bado, baba. Naenda kura." Akakata simu.

Basi hivyo ndivyo mtoto wako anaenda Turku. Mimi sikuchagua. Nilikosea, yeye akabeba kosa langu akalitafutia mlango. Leo Ijumaa karatasi imefungwa.

Na mimi sina amani, nisikudanganye. Mtu mmoja na jozi ya viatu si mji. Labda yule msichana ni mzuri, labda viatu vimechanika. Zai akiumwa huko nitafika na nini? Hapo Mbale akikohoa najua usiku huohuo. Na wewe je? Kila Ijumaa anatoka chuo anakuja Nakaloke kupalilia kaburi lako. Amesema binti wa dada yako atashika jembe mpaka arudi. Mimi ningekuja mwenyewe, lakini mgongo ukifika Mbale haunyooki tena kurudi. Naona aibu kukuandikia hili. Ndivyo lilivyo.

Ameniomba malewa, ile mianzi michanga ya kwenu, akaushe, abebe. Nimemwambia huko barafu, mianzi haioti, watu watashangaa harufu. Akasema watashangaa halafu watakula. Hiyo ni sauti yako kabisa.

Jambo la mwisho. Leo nimetoka kazini mapema. Nyumba ilikuwa kimya, nikaona miezi mitano imekaa ndani kama mgeni. Nikatafuta kile kikombe. Kipo, mkono umevunjika. Nikaenda nacho kwa Mama Safina. Nikagonga, mimi mzee mzima. Alikuwa anachambua mchele. Nikanyoosha kikombe nikasema naomba chumvi.

Akaangalia kikombe. Akaniangalia.

"Baba Zai, jana nimekuona dukani. Umenunua chumvi."

Nikasema ndiyo.

Hakuuliza. Akainuka, magoti yake yanalia siku hizi, akaingia ndani. Akatoka na chumvi akajaza mpaka ikamwagika kwa miguu yangu. Akasema, "Shika."

Akasogeza kiti cha pili kwa mguu, akarudi kwa mchele wake. Nikakaa.

Lala, mke wangu. Zai akitua salama nitakwambia. Nitajaribu kuandika vizuri.

Ni mimi mume wako,
Baba Zai
Mafubira