Sitaomba Msamaha kwa Mikono Uliyoiosha

Mpendwa Shangazi,

Jumamosi wanakuwekea msalaba wa saruji kaburini, na Nelima, kifungua mimba wako, ameniambia kwa simu nisithubutu kuketi na mabinti zako kabla sijasimama mbele ya akina mama na kuomba msamaha. Wanasema mikono yangu ndiyo iliyokuua. Nakuandikia wewe, kwa sababu tulikuwa wawili tu tuliojua habari hii yote, na sasa nimebaki peke yangu na watu wenye nusu yake.

Unakumbuka siku ile jikoni kwako Kimilili, mwaka niliopungua uzito? Daktari alikuwa amenitisha na ugonjwa wa sukari. Nikaacha soda, nikaacha mandazi, nikawa natembea kwa miguu hadi dukani kwangu Kitale kila asubuhi. Kilo thelathini na sita zikaenda, ngozi ikabaki. Ukaishika hapa chini ya bega, ukaipapasa kati ya vidole kama mtu anayenunua kitambaa.

"Hii yote ni yako, ama umembebea mtu?"

Tulicheka mpaka chai ikafurika motoni. Kisha nikakuonyesha kwapani, ukaacha kucheka. Mimi ni muuza nafaka, Shangazi. Mkono wangu hupanda na kushuka na kopo la gorogoro nikipima mahindi kutwa nzima, na ile ngozi ilikuwa ikijisugua hadi inachubuka na kutoa maji. Poda ilishindwa, dawa ya kupaka ikashindwa. Nilipokwambia kuna daktari Eldoret anayekata ngozi iliyozidi na kushona, ulisema, "Aikate. Lakini umwambie asikate na nguvu zako."

Alikata kutoka kwapa hadi karibu na kiwiko, mikono yote miwili. Nikarudi nyumbani nimevalishwa soksi za mikono za kubana, na amri kwamba kwa wiki sita nisibebe kitu wala nisipandishe mkono juu ya bega. Nilikupigia nikakuomba usije, nina msichana wa kunisaidia. Ulinijibu nini? "Unataka nikae hapa nihesabu kuku?" Jioni hiyo ukashuka Kitale na kikapu chako.

Uliniosha mgongo na mikono kama nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, ukinigombeza. "Inama, bana! Maji yanaingia kwa kidonda." Ulinichana nywele. Ulinilisha uji kwa kijiko siku mbili za kwanza, na mimi mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwenye duka na wafanyakazi wanne, nikafungua mdomo bila aibu. Sijawahi kupumzika hivyo maishani. Baada ya siku kumi na mbili ulirudi kwako ukiwa mzima, umebeba maharagwe niliyokupa. Wiki iliyofuata moyo wako ukasimama ukiwa shambani.

Kwa mazishi yako nilikuja bado nimebanwa mikono. Wakati wa kupikia waombolezaji ukafika, Nelima akanipa mwiko. Nikasema siwezi.

"Huwezi kwa nini?"

"Nimefanyiwa upasuaji wa mikono."

"Kwani ilikuwa imevunjika?"

"Ilikuwa inaning'inia."

Mmoja wa akina mama akacheka. Nelima hakucheka. "Kumbe mama yetu alikuwa Kitale akihudumia urembo! Mzee wa miaka sabini na nne umemfanya yaya, halafu unakuja hapa kulia?"

Anakulilia kama ninavyokulilia, na uchungu wake hauna mahali pa kukaa. Ameuweka kwangu. Lakini hesabu yake haitoshi. Moyo wako ulikuwa umechoka kabla hujaona mshono wangu. Ulikuwa umelima misimu mingapi, umezika watoto wangapi? Hakuna anayeomba msamaha kwa hayo. Wanataka msamaha wa mwanamke aliyetumia jasho lake mwenyewe kuutengeneza mwili wake mwenyewe.

Hawataupata. Makovu yangu bado ni mekundu, na kuna sehemu karibu na kiwiko ambayo haihisi kitu hata nikiifinya. Bei hiyo niliijua, nikaikubali. Makwapa yamepona. Dukani navaa mikono mifupi, na anayetaka kutazama atazame, kisha alipie mahindi yake.

Na kuna jambo ambalo Nelima hajalifikiria. Nikisimama niombe msamaha kwa siku zile kumi na mbili, nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba ulikosea kuja. Wewe hukukosea. Ulikuja kwa sababu ulitaka kuja, na hakuna aliyewahi kukutuma mahali usipotaka, hata marehemu mume wako.

Kwa hivyo Jumamosi nitafika mapema, nitakusalimu, kisha nitaketi katikati ya mabinti zako. Atakayetaka niondoke, aje aninyanyue mwenyewe.

Pumzika, Shangazi. Haya mengine niachie.

Ni mimi,
binti wa kaka yako, wa Kitale