Siku Walipomtafuta Mchawi Uani Kwetu

Mpendwa Bibi,

Tangu tulipokuzika Muyinga, watu wananiuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia uliuza vitenge sokoni, ulilea wanao peke yako, na chai isiyo na tangawizi uliiita maji ya kuoshea kikombe. Yote ni kweli. Lile la mchawi silisemi, maana mtu akilisikia nusu ataenda nalo nusu hivyo hivyo. Wewe ulikuwepo, kwa hiyo nalisema kwako.

Walipokuleta kwetu mtaa wa Yoba ukiwa na mguu uliovunjika, ulikuwa na hasira na kila kitu: kiti, mkongojo, mvua ya Gitega. Mama alikuwa akienda Mutaho kwenye biashara yake, mimi na wewe tunabaki uani. Mimi nilikuwa na simu yangu na ule mchezo wetu wa vikosi, watano kwa watano, kila upande unalinda ngome yake na kuvunja ya wenzake. Nilicheza na Eriki, jirani yetu mwenye pikipiki, na Jado, mjukuu wako aliyebaki Muyinga, na rafiki zake. Mmoja wetu alipoacha kucheza tukabaki na pengo. Nawe ulikuwa umechungulia juu ya bega langu kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

"Mi nitacheza," ukasema. "Nipe ule mama wa umeme."

Ule mama wa umeme ndiye alikuwa mchawi wetu. Nilikueleza jinsi alivyo. Hakuna anayepiga mbali kama yeye, wala anayeumiza wengi kwa mara moja; maadui wakija wamesongamana kwenye njia nyembamba, anawachoma wote pamoja. Lakini mwili wake ni mwepesi, akiguswa kidogo ameanguka. Hana mbio. Pigo lake kubwa likishatoka lazima asubiri lirudi, na nguvu zikimwishia anabaki amesimama na fimbo tu. Ndiyo maana kila kikosi kinaanza na neno moja: ueni mchawi kwanza.

Ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukauliza, "Na nani anakaa mbele yake?"

"Mimi." Nilikuwa mlinzi, lile pande la mtu lenye ngao.

"Bon. Basi usitoke hapo."

Sisi vijana tulikuwa tunamharibu mchawi kwa haraka. Adui wa kwanza akitokea tu, tunamtupia umeme wote, wenzake wakija hatuna kitu. Wewe ulingoja. Mimi huko mbele ngao inapasuka, napiga kelele, nawe unasema taratibu, "Bado. Waache wasogee." Ukaniambia ndivyo ulivyouza vitenge: mteja wa kwanza anashika kitambaa tu, usiweke mkasi bado. Kisha umeme unashuka, na njia yote inakuwa tupu.

Ila ulikuwa na ubaya wako, Bibi. Hukuweza kumwacha aliyejeruhiwa atoroke. Ulimfuata hadi vichakani, na huko ndiko muuaji wao alikojificha. "Bibi, rudi," tunasema. "Iko karibu kufa," unajibu. Na anayekufa ni wewe. Unaiweka simu mapajani kama mtu aliyetukanwa.

Kisha Baba Divine akapanga nyumba ya upande wa pili wa ukuta, yeye na mkewe na mtoto wao mdogo. Hakutujua, nasi hatukumjua. Alichojua ni sauti zilizopita juu ya matofali: Bibi, wewe ndiye mchawi. Choma wote. Na wale askari wadogo wanaotembea njiani kwenye mchezo, ambao sisi tuliwaita watoto: Bibi, maliza watoto kwanza.

Ile Jumapili nilitoka kanisani tukala, tukaanza kucheza. Tulikuwa wawili tu uani, Mama yuko Mutaho. Eriki alikuwa kwake, na Jado sauti yake ilitoka kwenye simu yako. Lango likagongwa kwa kitu kigumu. Nikachungulia kwenye ufa. Alikuwa Baba Divine na wanaume wawili nisiowajua, mmoja ameshika mpini wa jembe.

"Mukecuru yuko wapi?" akauliza. Alitumia lile neno la Kirundi la kumheshimu mwanamke mzee, lakini hakulitamka kwa heshima. "Mwanangu anatetemeka tangu asubuhi. Nataka aseme amemfanya nini."

Nilirudi nyuma. Nilitaka kukuingiza ndani tufunge mlango. Ukasema, "Fungua."

"Bibi, wana mpini."

"Fungua, Anitha. Wakivunja lango, watakuwa wameshaanza."

Nikafungua. Nikasimama mbele yako. Baba Divine alikuwa kijana, Bibi, macho mekundu, shati limefungwa kifungo kisicho chake. Ukamgeuzia simu.

"Mchawi uliyesikia ni huyu. Njoo uone."

"Sitaki kuona."

"We umekuja kwa sababu yake. Tazama." Ukaonyesha kwa kidole. Sauti yako ilikuwa ndogo. "Huyu anapiga mbali. Anaunguza wengi. Lakini hawezi kukimbia, na akishapiga anabaki bure, mpaka nguvu irudi. Watoto tunaowaua ni hawa wadogo hapa. Mi sijui mtoto wako jina. Mguu wangu huu, hata huko kwako sijafika."

Hapo Jado akasema kutoka Muyinga, "Bibi uko wapi? Tunakufa huku." Yule mwenye mpini akaruka kama ameguswa na moto.

"Ni mjukuu wangu," ukasema. "Mtoto wako iko na nani sasa?"

"Na mama yake."

"Anatapika?"

Akageuka kutazama ukuta wa upande wake.

"Mwili iko moto? Na we umekuja hapa?" Ukanigeukia. "Piga simu kwa Eriki. Alete pikipiki, awapeleke hospitali."

Nikapiga. Tulisikia pikipiki ikisimama upande wa pili wa ukuta, mama wa mtoto akilia, kisha ikaondoka nao. Nilidhani yameisha. Lakini wale watu hawakutoka. Yule mwenye mpini alisimama langoni na kusema watangoja habari. Hakusema habari ikiwa mbaya watafanya nini. Sote tulijua.

Mchana ule ulikataa kuisha. Ukamwambia Baba Divine akae. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akiangalia mikono yake. Hukumtukana, wala hukumfariji. Mimi nilisali kimya, na nilichoomba si kizuri sana: kwanza nilikuombea wewe, ndipo mtoto.

Eriki alipopiga, nilishindwa kubonyeza. Baba Divine akainyakua simu yangu, akasikiliza. Ilikuwa malaria. Amewekewa maji, kutetemeka kumekoma, amemtambua mama yake.

Akanirudishia simu. Wenzake walishatoka bila kuaga. Yeye alibaki kidogo langoni, kisha akaenda hospitali.

Nilijua umeogopa nilipokuinua. Nguo yako ilikuwa imelowa mgongoni kote. Nilipochemsha chai ukasema, "Mi narudi kwangu."

"Mguu haujapona. Na wamejua ukweli, Bibi."

"Wameujua leo. Mwingine akiugua?" Ukanywa. "Siwezi kulala mahali mtu alinitazama vile."

Mama alilia, alikubembeleza, haikusaidia. Tulikupeleka Muyinga wiki ile ile, mguu umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi. Jado aliniambia kuwa huko uliendelea kucheza, ila ndani, mlango umefungwa, na ukamkataza kutamka neno mchawi. Alilazimika kukuita fundi. Ugonjwa wa kifua ulipokuja, hukuwa na haja ya simu tena.

Habari hiyo ya fundi inaniuma kuliko kaburi. Wewe uliyesema fungua, uliishia kunong'ona nyumbani kwako mwenyewe.

Baba Divine bado ni jirani. Alikuja kutupa pole baada ya mazishi, mkewe akiwa nyuma yake na mtoto mgongoni. Aliniuliza kama siku ile uliogopa. Nikamwambia ndiyo, sana. Alitingisha kichwa, akasema, "Mimi pia." Sijui kama nimemsamehe. Namsalimia.

Kikosi kiliniomba nichukue nafasi yako. Nilikataa mara nyingi. Jumapili iliyopita nikakubali, nikakaa uani, Jado kwenye simu, Eriki amechukua ngao yangu. Jado akauliza kwa sauti ya chini, "Leo nani fundi?" Nilisikia mtu akifagia upande wa pili wa ukuta.

"Mchawi ni mimi," nikasema, kwa sauti yangu yote.

Ufagio ukanyamaza. Nikangoja. Kisha ufagio ukaendelea.

Pumzika, Bibi, pasipo lango la kugongwa.

Mjukuu wako,
Anitha wa Yoba