Moto wa Kiberiti

Jumapili, tarehe 7 ya mwezi wa Bahman
Nimeamka jua limeshatoka. Mimi, mlinzi wa moto wa hekalu! Homa ilinilaza. Nimekuta majivu. Nikatia kidole — baridi mpaka chini. Moto ambao mababu walikimbia nao wakiuficha, usiozimika vizazi vyote! Nikawasha kiberiti. Kuni za mlozi zikashika upesi, kama hakuna lililotokea. Jirani Khodamorad akauliza akiwa mlangoni: moto umelalaje, babu? Nikasema umelala salama.

Jumatatu, 8 Bahman
Uongo ni jini jike, ndivyo tulivyofunzwa. Neno moja la hila, anashika mimba. Nikiwa mwalimu niliwasimulia watoto hayo, wakacheka. Leo sicheki. Asubuhi Simindokht amekuja kuchukua majivu ampake bintiye mgonjwa. "Majivu ya mababu haya, babu, si mchezo!" Nikampa. Mchana watu wanaogombania maji ya mashamba wakala kiapo mbele ya moto uleule. Nikasimama shahidi. Jini yule anazaa. Namsikia anazaa.

Jumanne, 9 Bahman
Homa imezidi. Sitauona mwaka mpya, Nowruz. Mimba ya jini huyo huharibiwa kwa njia moja: mwenye kosa aseme wazi, kwa kinywa chake, angali hai. Nikifa kimya, uongo utaendelea kuzaa bila mimi.

Nimemwita Khodamorad. Nikaanza, nina neno. Akacheka. "Kama ni wosia, babu, ungoje! Ukifa kesho utatuharibia sikukuu ya moto, Sade, na kondoo tumeshamchinja!"

Nikacheka naye. Mwoga mkubwa!

Na mtoto wa Simindokht amepata nafuu. Mama anayashukuru majivu. Nimwambie nini?

Jumatano, 10 Bahman
Sade. Wanakijiji wamejaa uani. Rundo la kuni linangoja moto wangu, kisha kila nyumba itabeba makaa yake. Kila jiko kijijini!

Nimeketi mbele ya moto, daftari gotini. Kitambaa cheupe kimefunika kinywa, pumzi isiuchafue. Koleo nimeishika, nimeiweka. Nimeishika tena.

Khodamorad anagonga. "Babu Goshtasb! Baridi inatung'ata! Umeoa humo ndani?"

Watu wanacheka. Simindokht anapaza sauti niharakishe, mwanawe kaja na kopo lake.

Naogopa. Ee Mungu, naogopa nyuso zao kuliko kifo.

Nimevua kitambaa.

Khodamorad amesukuma mlango. Ameniona mbele ya moto bila kitambaa kinywani. Hacheki tena. "Babu," anasema polepole, "kuna nini?" Naweka kalamu chini, nimwambie kwa kinywa changu kwamba moto wa mababu ulizimika.