Ati Ndoa Imemkubali

Koki, nakuandikia nikiwa hospitalini. Wifi yangu Wakesho amelazwa hapa Voi, mimba ya miezi minane, presha 170 kwa 110.

Jumapili kanisani Chawia alikuwa amefura uso, pete haitoki kidoleni. Mama, mkwe wake, akamtembeza kila benchi: "Muoneni, ndoa imemkubali." Imemkubali, Koki.

Wakesho akasema kichwa kinampasuka na anaona vimulimuli mchana. Shemasi akasema hayo ni maono, aombewe. Maono.

Sasa amedungwa sindano asipate kifafa cha mimba, na mtoto anatolewa leo.

Nesi ametuuliza, "Nani alimwona akianza kufura?"

Mama, yule wa kila benchi, akasema siku hizi macho yake mwenyewe hayaoni vizuri.